Sarafu za babu kwenye maonesho

SWALI: Nimerithi heller (sarafu za enzi za Wajerumani) za Tabora na shilingi za zamani za Afrika Mashariki. Nataka kuzipeleka kwenye maonesho ya wakusanyaji hapa London, sijawahi kufika. Je, nizing'arishe kwanza?

JIBU: La, ndugu msomaji, usizing'arishe hata kidogo! Ndimu, majivu na dawa za kusugulia hula uso wa sarafu. Mnunuzi huona mikwaruzo kwa lenzi na bei huporomoka. Itie kila moja kwenye kifuko kisicho na PVC (aina ya plastiki laini), maana PVC huacha utando wa kijani unaoitafuna shaba.

Chukua lenzi ya kukuza mara 10. Shilingi za 1921 hadi 1946 zina madini ya fedha asilimia 25. Za 1948 hadi 1952 hazina madini hayo, kwa hiyo zitenganishe. Heller 20 za Tabora za 1916 zipo za shaba nyekundu na za manjano, nazo zitenge.

Ukifika, zunguka meza zote kabla ya kuuza. Omba ruhusa kabla ya kugusa sarafu ya muuzaji, uishike ukingoni, juu ya trei: ikianguka sakafuni, kovu halitoki. Anayetaka kununua zote kwa bei ya jumla, mwombe ataje bei ya moja moja.