Dawa za presha na unyogovu: jibu kwa ndugu aliyeuliza kuhusu mama yake

Ndugu, umeuliza kama umpe mama yako amlodipini zilizobaki za baba mdogo, maana umesikia dawa za presha zinatibu unyogovu. Usimpe. Kama presha yake iko sawa, utamtafutia kizunguzungu bure. Ila ulichosikia si porojo, na mimi presha na unyogovu vyote vimenipitia hapa hapa Bukavu, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Habari hiyo ilitoka Denmark mwaka 2020. Kule dawa unazochukua farmasi zinaingia kwenye daftari la taifa, basi Profesa Lars Kessing na wenzake wakachambua dawa 41 za presha zinazotumika sana. Tisa zilienda pamoja na kupungua kwa unyogovu: enalaprili, ramiprili, amlodipini, verapamili (peke yake na ikichanganywa na nyingine), propranololi, atenololi, bisoprololi na karvediloli. Za kukojoza hazikuleta tofauti. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba hata moja kati ya zile 41 haikuonekana kuongeza unyogovu, maana huku kwetu kuna watu wanatupa vidonge wakisema vinawaletea mawazo mengi, halafu wanaanguka na kupooza upande mmoja.

Sasa, kusoma madaftari si sawa na kuwapa wagonjwa dawa na kuona kama wanapona. Mwaka 2016 watafiti wa Glasgow, Uskoti, nao walipitia kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 144,000. Jamii ya enalaprili ikatoka vizuri, lakini jamii ya atenololi na ya amlodipini zikatoka vibaya kuliko hiyo, watu wakilazwa zaidi kwa maradhi ya hisia. Yaani atenololi inasifiwa huku, inalaumiwa kule. Kwa hali hiyo, nani atakuandikia kidonge cha presha kwa ajili ya huzuni tu? Wanaodhani kuna kitu ndani yake wanasema mfumo wa angiotensini unaopandisha presha upo pia kwenye ubongo, na dawa hizi huenda zinapunguza uvimbe wa ndani kwa ndani. Inawezekana.

Mimi nilianza na atenololi. Usingizi ukawa wa vipande vipande, na kupanda mlima wa mtaa wa Kadutu nikawa kama nimebeba gunia la makaa. Daktari akanipa enalaprili, kikaja kikohozi kikavu cha usiku hadi mke wangu akanituma nipimwe kifua kikuu. Si kifua kikuu, ni dawa yenyewe, inajulikana kwa hilo. Ndipo tukafika kwenye amlodipini. Wakati huo huo SOSAME, kituo cha afya ya akili cha hapa, walinianzishia amitriptilini ya jioni, dawa ya unyogovu, na nikawa nakaa na muuguzi mmoja tunaongea, mambo ambayo nyumbani sikuwa nayasema. Nilipata nafuu. Ukiniuliza ni kipi kilinisaidia, nitakuambia vilikuja pamoja, siwezi kuvitenganisha. Lakini nikilazimishwa kuchagua nitataja yule muuguzi.

Kuchanganya nako kuna mambo yake. Nikiamka usiku kwenda chooni, giza lilikuwa linanijaa machoni, nikishika mlango nisianguke. Daktari akanipima nikiwa nimelala, kisha nimesimama: namba ya juu ikashuka sana. Amitriptilini nayo hushusha presha ukisimama. Akapunguza kipimo, ikaisha. Kama mgonjwa anatumia lithi, dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka, hapo ni hatari zaidi, kwa sababu enalaprili na dawa za kukojoza huifanya ijae mwilini hadi kuwa sumu.

Mpeleke mama apimwe, na umbebee vidonge vyote anavyomeza, hata dawa za miti. Ikikutwa ana presha kweli, mwambie daktari wazi kwamba ana unyogovu pia, atachagua akijua hilo. Kama tayari anameza atenololi au propranololi, asiache ghafla, moyo unaweza kukurupuka. Na akianza kusema heri afe, msisubiri siku ya kliniki, mpelekeni siku hiyo hiyo na asiachwe peke yake. Ukishampima, tuandikie hapa namba zote mbili.