Jibu: Kwa nini Mwafrika Kusini aliguna?

Ndugu, umeuliza kwa nini mwenzenu wa Cape Town aliguna mlipoisifia Tume ya Ukweli na Upatanisho ya kwao, ile iliyochunguza maovu ya enzi ya ubaguzi wa rangi. Mimi namwelewa.

Tume ya Askofu Tutu ilianza kusikiliza watu mwaka 1996. Aliyeua kwa sababu za kisiasa, akieleza yote, aliweza kupata msamaha wa kisheria, hashtakiwi tena. Mjane je? Alingoja mpaka 2003, akapewa randi 30,000, mara moja, basi. Tume yenyewe ilikuwa imependekeza alipwe kila mwaka kwa miaka sita. Ikataka pia kampuni zilizonenepa kwa ubaguzi zichangie kwa kodi. Serikali ikaikataa kodi hiyo. Sasa hapo usigune?

Rwanda ni habari nyingine. Gacaca, mahakama za kijamii za kesi za mauaji ya kimbari ya 1994, zilizofungwa 2012, zilikaa kijijini kwa majirani, na wengi waliokiri walitumikia sehemu ya adhabu kwa kazi za jamii. Ila kwenye mali iliyoporwa pakawa pagumu: mtu ameamriwa alipe ng'ombe, naye hana hata kuku.

Na Mkenya wenu, kama yupo, mbane kuhusu ripoti ya 2013 ya tume yao ya ukweli, hasa sura ya ardhi.