Avenyu Yetu Si Barabara ya Sake

Asubuhi moja mtoto wa jirani alirudi kutoka robine, bomba letu la maji, mikono mitupu. Bidoni yake ya manjano, dumu la kuchotea, ilibaki katikati ya njia, imepasuliwa na gurudumu la jipu ambalo halikupunguza hata mwendo. Mtoto mwenyewe alikuwa mzima. Alichokuwa analilia ni bidoni, maana aliogopa kuchapwa nyumbani. Siku hiyo ndipo nilipochoka.

Tunakaa Kyeshero, upande wa magharibi wa Goma, mashariki mwa Kongo, kwenye avenyu ya vumbi na makoro, yale mawe meusi ya volkano, inayokwenda sambamba na barabara kubwa ya kwenda mji wa Sake. Barabara kubwa ikijaa, kila mwenye haraka anakata kona, anapita mbele ya milango yetu na kutokea tena kule mbele. Kiangazi anatuachia vumbi kwenye sahani, mvua zikianza anaturushia tope ukutani. Pikipiki zinamfuata nyuma. (Sisi huziita moto. Mgeni akisikia "moto zimepita kwetu usiku kucha", asikimbie, si volkano yetu ya Nyiragongo.)

Jambo la kwanza tulilofanya lilikuwa la kijinga, na nalieleza ili wewe usilirudie. Jumamosi ya salongo, kazi ya pamoja ya mtaa, tuliokota makoro, tukachanganya simenti kidogo, tukajenga dodani tatu. Wengine mnayaita matuta. Tulijenga kwa hasira, kwa hiyo yakawa mafupi na marefu kwenda juu, kama ukuta uliolala. Wiki haikuisha. Magari yalikuwa yanagonga chini usiku, tunaamshwa na kelele za chuma na matusi. Madereva wakagundua kwamba dodani haifiki ukutani, wakaanza kuikwepa kwa kupanda pembeni, palepale wanapopita watoto na bidoni zao. Hatukupaka rangi, na mama mmoja aliyebebwa kwenye pikipiki gizani akarushwa, akaumia goti. Mvua iliponyesha, maji yaliyozuiliwa na dodani ya chini yakaingia kwenye parseli, yaani kiwanja, ya mzee mmoja ambaye ndiye alichangia simenti. Tulibomoa mbili kwa mikono yetu wenyewe.

Dodani nzuri ni pana na ya upole. Ile ambayo mainjinia wengi wanaifuata ina urefu wa karibu mita 3.7 kufuata njia, na kimo kisichozidi sentimita 10, yenye mgongo wa mviringo. Gari la mwendo mdogo linaipanda bila shida, la mbio linarushwa. Ifike ukuta kwa ukuta, iachiwe mfereji mwembamba wa maji, ipakwe chokaa. Iliyobaki kwetu tuliijenga upya hivyo, karibu na robine, na iko hadi leo. Mahali kama pale mwendo ndio kila kitu: kasi ikiongezeka mara mbili, gari linahitaji umbali mara nne ili lisimame tangu breki ziliposhika, na juu ya changarawe ya makoro linateleza zaidi.

Lakini dodani haikupunguza wapitaji. Iliwapunguzia mwendo tu. Hapo ndipo kijana wa dada yangu, aliyekuwa anasomea ujenzi, aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Mjomba, unajua hao ni akina nani?" Mimi nilikuwa na hakika kwamba ni wageni watupu. Akasema tuhesabu. Yeye alikaa upande mmoja wa avenyu na daftari, mimi upande mwingine, kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kila gari tuliandika tarakimu tatu za mwisho za namba yake na dakika. Jioni tulilinganisha. Gari lililoingia kwake na kutoka kwangu baada ya dakika mbili tatu, bila kusimama, tuliliweka kwenye ukurasa wa wapitaji. Yaliyobaki, kwenye ukurasa wa wakazi na wageni wao. Ukurasa wa kwanza ulijaa, wa pili haukufika nusu. Nikaona pia namba mbili za majirani zangu wakubwa wa kulalamika, kwenye orodha ya wanaokata avenyu ya wenzao!

Daftari lile lilitufungulia milango kuliko kelele zote. Tulilipeleka kwa nyumba kumi (ndivyo tunavyomwita kiongozi wa nyumba kumi), kisha kwa shefu wa avenyu, kisha kwa shefu wa kartie, yaani kata, ndipo barua ikaenda komini, ofisi ya juu yake. Usiruke ngazi. Anayezuia njia bila karatasi anaonekana mtu wa kutoza watu franga, na kwa hapa kwetu hilo si jambo dogo.

Tulichoomba ni kuziba katikati, si mwanzoni. Ukiziba mwanzo wa avenyu, wakazi wa nyuma wanateseka na kila mtu anagombana na kizuizi. Ukiziba katikati, kila mmoja bado anafika kwake kwa gari, kutoka upande huu au ule, ila hakuna anayeweza kutokea upande wa pili. Njia inabaki ya kufika, haiwi tena ya kupita. Huko Uhispania, Barcelona walifanya kitu cha namna hiyo kwa makundi ya mitaa, na mtaa wa Poblenou ukapata wake mwaka 2016. Wao waliweka maua. Sisi tuliweka mapipa mawili yaliyojaa makoro, na kati yake chuma cha kufungua kwa ufunguo.

Pembeni tuliacha nafasi ya wasio na gari. Gari dogo lina upana wa kama mita 1.7, kwa hiyo tulipima mita moja na nusu, tukajisifu. Kabla ya simenti kukauka tukamwita mtu wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, aliyekuwa anapita na magunia ya makala, yaani makaa, ajaribu. Alishuka, akasukuma, gunia la kushoto likakwama kwenye pipa. Akatutazama mmoja mmoja. "Papa zangu, mnataka makala yangu yabaki nusu huku, nusu kule?" Tukasogeza pipa kiganja kimoja, akapita. Kwenye karatasi tungesema imetosha.

Avenyu ya pili ililalamika siku tatu baadaye, na walikuwa na haki. Wapitaji wetu walikuwa wamehamia kwao. Ningerudia kazi hii, ningewaita tangu siku ya daftari na kuziba avenyu zote mbili wiki moja. Walipoziba na wao, madereva wengi wakabaki barabara ya Sake, wakinung'unika.

Kwa watu wa pikipiki, kizuizi hakisaidii. Wao tuliwafuata kwenye parking yao, pale wanapongojea abiria, tukakaa, tukanywa chai, tukaomba kitu kimoja: asubuhi, mbele ya robine, polepole. Wengi wanaheshimu. Wachache hawaheshimu, na hao wanajulikana kwa majina.

Aliyepinga mpaka mwisho alikuwa mama wa butiki, duka letu dogo. Madereva walikuwa wanasimama kwake kununua yunite za simu na mkate. Alitukasirikia, na sikuwa na la kumjibu kwa sababu hasara ilikuwa yake kweli. Tulichanga, tukamhamishia meza yake hadi kwenye kona ya barabara kubwa, butiki ikabaki palepale.

Halafu ukaja usiku wa msiba. Gari lililoleta maiti lilifika kwenye chuma, na ufunguo ulikuwa kwa nyumba kumi, na nyumba kumi alikuwa kwenye mkesha wa kanisa. Tulisimama pale na jeneza karibu saa nzima. Sasa funguo ni tatu: moja kwake, moja kwangu, na moja kwa mama wa butiki, maana ndiye anayefunga mlango wa mwisho avenyu nzima.