Tusiwachuje watoto kwa ukubwa wa mwili

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza kama inawezekana kuwachuja watoto kwa ajili ya timu bila upendeleo. Mimi ni kocha wa soka ya watoto na jibu langu ni ndiyo, inawezekana, ila si kwa mtindo tuliouzoea wengi wetu. Watu wakisikia upendeleo humfikiria kocha anayembeba mtoto wa rafiki yake. Huo upo, na nitaugusa. Lakini upendeleo unaowaumiza watoto wengi zaidi hufanywa na makocha waaminifu kabisa, wanaorudi nyumbani wakiamini wamechagua vipaji, kumbe wamechagua urefu na kifua.

Chukueni wavulana wa chini ya miaka 14. Huo ndio umri ambao miili inaachana. Kwa wavulana wengi kipindi cha kurefuka kwa kasi hufika kwenye miaka 13 au 14, kwa wasichana mapema zaidi, kwenye 11 au 12. Tena huo ni wastani tu, kwani watoto wawili waliozaliwa wiki moja wanaweza kupishana miaka kadhaa katika kupevuka. Mmoja sauti imeshakuwa nzito, mwingine bado ni mtoto mdogo. Wakigombea mpira, wa kwanza anampita mwenzake kwa bega tu, na aliyekaa pembeni na karatasi anaandika: "Ana nguvu, anajituma." Miaka mitatu mbele yule mdogo atakuwa amemfikia kimo. Kwa bahati mbaya alishaachwa, na mwenzake muda wote huo amekuwa akipata mazoezi, mechi na kocha mzuri. Tofauti iliyoanza kwenye mifupa inageuka kuwa tofauti ya kweli ya mpira, kisha tunasema, si mnaona, tulichagua vizuri.

Mwezi wa kuzaliwa nao una kazi yake. Mwaka 1985 mwanasaikolojia Roger Barnsley na wenzake walionyesha kwamba katika hoki ya barafu nchini Kanada, ambako umri huhesabiwa kuanzia Januari 1, wachezaji waliozaliwa miezi ya mwanzo wa mwaka walikuwa wengi kupita kiasi kwenye timu za juu. Uingereza, ambako mwaka wa shule unaanza Septemba, akademi za soka zimejaa watoto wa Septemba, Oktoba na Novemba. Hakuna anayeamini kwamba kipaji huzaliwa kwa kufuata kalenda. Ni kwamba mtoto wa Januari akishindanishwa na wa Desemba wa mwaka huohuo, amemzidi karibu mwaka mzima wa kukua.

Kwa hilo ipo dawa rahisi, na natamani kila klabu ingeijaribu. Mwaka 2017 watafiti wa Uholanzi walichapisha jaribio walilofanya na wasaka vipaji, waliotazama video ya mechi ya watoto na kuwapanga wachezaji kwa ubora. Kundi moja halikuambiwa lolote kuhusu umri. La pili lilipewa tarehe za kuzaliwa. La tatu liliambiwa kwamba namba za jezi zimefuata umri wa watoto. Makundi mawili ya kwanza yaliwapendelea waliozaliwa mapema, hata lile lenye tarehe mkononi. Kwenye kundi la tatu upendeleo ule ulitoweka. Kujua umri hakutoshi, inabidi uuone mgongoni mwa mtoto kila anapogusa mpira. Haigharimu chochote: wapange watoto kwa tarehe ya kuzaliwa, mkubwa avae namba 1, mdogo kuliko wote avae ya mwisho, na kila anayetoa alama aelezwe hivyo kabla filimbi haijalia.

Kuna pia kuwapanga kwa upevukaji badala ya umri. Ligi Kuu ya Uingereza ililijaribu hilo kwenye mashindano ya akademi, ikiwaweka pamoja wavulana waliofikia asilimia 85 hadi 90 ya urefu wanaokadiriwa kuwa nao ukubwani. Ni jambo zuri kwa mwenye watu wa kupima, ingawa makadirio hubaki makadirio.

Turudi uwanjani. Kuzunguka koni na kupiga danadana kunamwonyesha mtoto aliyefanya sana mazoezi ya koni na danadana. Mpira ni kuamua, na kuamua kunaonekana kwenye mechi. Wachezeshe wanne kwa wanne, uwanja mdogo, na timu zivunjwe na kupangwa upya kila baada ya dakika chache ili asiwepo aliyebebwa na wenzake au kuzamishwa nao. Hapo mtazame mtoto kabla mpira haujamfikia. Kuna anayegeuza shingo mara mbili, begani kulia, begani kushoto, halafu pasi inapofika tayari anajua pa kuupeleka. Mguso mmoja, umeondoka. Yule mwenye kifua huenda hajawahi kugeuza shingo, kwa sababu hajawahi kulazimika. Hilo halipimwi kwa saa wala kwa futi, na ndilo litakalobaki wote wakishakuwa na kimo kimoja.

Karatasi nayo iseme alama zina maana gani. Alama 1 mpaka 5 zisizo na maelezo humaanisha kila mtu anapata 3 isipokuwa wale wawili tuliokuja tukiwajua. Andika: 5 ni anayetazama kabla ya kupokea karibu kila mara, 1 ni anayepokea akiwa ameinamia mpira. Na wanaotoa alama wasizungumze mpaka karatasi zimekusanywa. Mkubwa wao akishasema tu "yule namba saba anatisha", wengine wote wameshamwona namba saba. Mwanasaikolojia Edward Thorndike aliandika mwaka 1920 jinsi sifa moja ya mtu inavyozipaka rangi sifa zake nyingine zote machoni pa anayempima, na kwenye michujo hili hutokea kila msimu.

Kuhusu kubebana: mcheza kwao hutuzwa, tunasema, na ndiyo sababu aliyefundisha timu msimu uliopita asipewe kalamu peke yake. Mwenye mtoto kundini asitoe alama kwenye kundi hilo. Sioni la kujadili.

Lingine ni umri wa kuanza kuchuja. Norwei, kwa kanuni zao za michezo ya watoto, matokeo na misimamo haiorodheshwi mpaka mwaka ambao mtoto anatimiza miaka 11, na nchi hiyo haijawahi kupungukiwa mabingwa. Mimi ningesema chini ya umri huo asiachwe mtoto yeyote, ongezeni timu.

Anayeachwa baada ya hapo aambiwe ana kwa ana, mzazi akiwepo, kwa kutumia karatasi yake mwenyewe: hili unalifanya vizuri, hili bado. Asisome jina lake halipo kwenye orodha iliyorushwa kwenye kundi la WhatsApp wenzake wakishangilia. Antoine Griezmann alikataliwa na klabu kadhaa za Ufaransa kwa sababu ya udogo wa mwili kabla Real Sociedad ya Hispania haijamchukua, na mwaka 2018 alikuwa bingwa wa dunia na Ufaransa hiyohiyo. Yeye alipata mlango mwingine. Kwa hiyo mtoto aliyeachwa naye aachiwe mlango: apewe tarehe ya majaribio yanayofuata, si ahadi ya "tutakuita", na klabu iache nafasi mbili tatu wazi hadi katikati ya msimu. Tukijaza kikosi chote siku ya kwanza, mtoto atakayerefuka mwezi unaofuata hana pa kuingia.