Feni kwenye kitalu nyumba: je, zinafaa pwani?

SWALI: Nina kitalu nyumba (nyumba ya nailoni ya kukuzia mimea) cha mita 8 kwa 30 hapa Pongwe, Tanga. Kuanzia Desemba hadi Machi maua ya nyanya yanapukutika. Fundi anashauri feni mbili za kilowati 1.1 pamoja na pedi za maji, yaani kuta zinazoloweshwa ili hewa ipite humo ipoe. Ninunue?

JIBU: Usinunue kabla ya kupima. Chukua vipimajoto viwili, kimoja ukifunge kitambaa cha pamba kilicholowa, kisha uvipepee kivulini saa nane mchana. Tuseme kikavu kinasoma nyuzi 32 na cha maji 27. Tofauti ni nyuzi 5, na pedi nzuri hukupa kama robo tatu yake, yaani nyuzi 3.75. Hewa ikishapita mita 30 juani, sehemu kubwa ya ubaridi huo imeshapotea. Pedi hupooza kwa kukausha maji, na hewa ya pwani tayari imejaa unyevu. Dodoma mtambo huohuo ungekufaa.

Sasa gharama: feni mbili kwa saa 8 hula uniti 17.6 kwa siku, kama 528 kwa mwezi, bado pampu. Maji ya kisima yakiwa na chumvi, pedi huganda ukoko mweupe na hewa haipiti tena.

Kuna jambo zito zaidi. Chavua ya nyanya hudhoofika joto likizidi nyuzi 32 mchana, lakini pia usiku ukibaki juu ya 21 au 24, kutegemea mbegu. Usiku wa Januari Tanga ni wa joto, na pedi haiwezi kuubadilisha. Ndiyo maana tunakusihi ubadili kalenda: sia nyanya Machi, hamisha Aprili, zichanue Mei wakati wa kusi, upepo wa kusini. Miezi ya kaskazi, upepo wa kaskazini-mashariki wa Desemba hadi Machi, panda matango.

Fedha ya feni itumie kwenye paa. Fungua tundu la upana wa mita 1 kwa urefu wote wa nyumba, likitazama kusini-magharibi, ili kaskazi livute hewa moto itoke. Liwekee pazia la kushusha, maana kusi na mvua za masika zitaingia hapohapo. Neti ya kivuli ya asilimia 30 iwe juu ya nailoni, nje. Ukiitundika ndani, joto linakuwa limeshaingia. Neti za wadudu za pembeni zioshe kwa mpira wa maji kila vumbi linapoziba. Hapo ndipo vitalu vingi hukosa hewa.

SWALI: Niko Lushoto, kwenye baridi ya milimani. Julai niwashe jiko la mkaa ndani usiku?

JIBU: Hapana kabisa. Moshi wake unaua mtu, na gesi ya ethilini iliyomo huangusha maua. Shusha mapazia saa kumi alasiri jua likingalipo, uyafungue saa tatu asubuhi. Ukichelewa kufungua, matone ya maji yaliyo kwenye nailoni hudondokea majani na ugonjwa wa bakajani huanzia hapo.