Kwetu tulianza na katuni, kitabu kikafuata

Wiki hii mmeuliza mtoto aanze na kipi, kitabu cha picha au katuni iliyotokana nacho. Najua wengi watasema kitabu, na mi mwenyewe ningesema hivyohivyo zamani, lakini kwa Babar, yule tembo mfalme, nasema katuni kwanza.

Dada yangu alifariki akaacha mtoto wa miaka mitano, nikamchukua nikawa naishi naye hapa Morogoro. Sasa kile kitabu cha kwanza cha Babar, alichokitunga na kukichora Mfaransa Jean de Brunhoff mwaka 1931, kinaanza kwa upole kabisa, mama anambembeleza mwanae alale, anamwimbia, afu unafunua kurasa chache tu mwindaji aliyejificha kichakani anampiga mama risasi na Babar alikuwa mgongoni kwake. Maneno machache basi, ukurasa umeisha. Nilikisoma peke yangu usiku nikakifunga nikakiweka juu ya kabati.

Katuni ya Wakanada iliyoanza 1989 yenyewe imefanya kitu kikubwa sana, Babar tunamkuta kashakuwa mtu mzima, ana watoto, na yeye mwenyewe ndo anawasimulia utoto wake. Yani kabla risasi haijalia mtoto anayeangalia anajua kwamba huyu tembo atakua, ataoa, atakuwa baba, atakaa na wanae awaambie habari za bibi yao. Mpwa wangu alilia, nami nililia, ila hakuniambia zima. Akaniuliza kama yule ni jangili, nikamwambia ndo walewale, maana mtoto wa huku habari za tembo kuuliwa anazisikia, si sensa zilionyesha tembo wa Tanzania walishuka kutoka kama 109,000 mwaka 2009 hadi kama 43,000 mwaka 2014.

Na hadithi yenyewe ilizaliwa kitandani jamani! Mke wa Jean, Cécile, ndo aliyewasimulia wanawe kabla ya kulala, wakaenda kumwambia baba yao naye akaichora. Jean akafa kwa kifua kikuu 1937, mwanae Laurent ana miaka 12, na huyohuyo Laurent alipokua akaendeleza kumchora Babar maisha yake yote. Hilo linanigusa kuliko kitu chochote kwenye habari hii. Sio kwamba vitabu vyote navikubali, kuna kile cha safari ya Babar kimechora Waafrika kwa kudhalilisha kabisa, hicho nyumbani kwangu hakiingii.

Baada ya miezi kadhaa ndo nikakishusha kile kitabu kabatini. Kuna sehemu Babar yuko mjini kwa yule Bibi Kizee aliyempokea baada ya mama kuuawa, ana suti yake ya kijani, ana gari, anakula vizuri, hajakosa kitu, lakini anasimama dirishani anamkumbuka mama yake analia. Katuni inaenda tu na mwendo wake, kitabu unakaa hapohapo muda unaotaka. Nilikuwa nataka kuendelea, mtoto akaweka kidole juu ya Babar, akasema, "Mjomba, usifunue kwanza."