Kutuma picha kutoka kamera hadi simu tukio likiwa bado linaendelea

Wanaoanza kazi hii huhangaika na kasi ya Wi-Fi. Kasi ina umuhimu wake, lakini kinachochelewesha picha zaidi ni faili kubwa kuliko inavyohitajika, na maandalizi yanayoachwa mpaka mgeni rasmi ameshapanda jukwaani.

Basi anza na ukubwa wa picha. Faili ghafi (RAW, picha ambayo kamera haijaichakata) ya kamera ya megapikseli 45 inaweza kuzidi megabaiti 40, wakati Instagram hupunguza picha hadi upana wa pikseli 1,080. Kwa ukurasa wa habari mtandaoni, upande mrefu wa pikseli 2,000 unatosha kabisa. Kamera yako ikiwa na nafasi mbili za kadi, weka faili ghafi kwenye kadi ya kwanza na JPEG ndogo kwenye ya pili, kisha chagua kadi ya pili iwe ndiyo inayotoa picha za kutumwa. Zima HEIF, aina nyingine ya faili ya picha, kwa sababu mifumo mingine ya kuchapisha huikataa. Mfumo wa rangi uwe sRGB: picha ya Adobe RGB ikifunguliwa na programu isiyojua kuisoma hutoka imepauka, na ngozi za watu huonekana kama zimekosa damu. Mizani ya rangi nyeupe ipange mwenyewe ukumbini kabla ya tukio, maana picha hizi hutapata muda wa kuzihariri.

Kuoanisha kamera na simu, yaani kuzifanya zitambuane, fanya siku moja kabla ya tukio, mahali penye utulivu. Pakua programu ya mtengenezaji wa kamera: Canon wana Camera Connect, Nikon wana SnapBridge, Sony wana Creators' App. Uoanishaji uanzie ndani ya programu hiyo. Wengi hukimbilia mipangilio ya Bluetooth ya simu, wakaiona kamera, wakaibonyeza, halafu programu ikadai haioni kitu. Programu ikiomba ruhusa, kubali. Simu za Android huhitaji ruhusa ya mahali ulipo (Android 11 na za kabla yake) au ya vifaa vilivyo karibu (Android 12 na zilizofuata) ndipo ziweze kutafuta kamera, na iPhone huuliza kuhusu mtandao wa karibu. Ukikataa, kamera haitaonekana na hutaelezwa sababu.

Ukishaoanisha, Bluetooth hubaki ikishikilia uhusiano kwa umeme kidogo, na Wi-Fi huwaka pale picha zinapohitaji kupita. SnapBridge inaweza pia kupeleka yenyewe nakala za megapikseli 2 kwa Bluetooth kila unapopiga. Kwa mitandao ya kijamii, nakala hizo zinafaa.

Wi-Fi ndiyo yenye vituko vingi. Kamera huunda mtandao wake yenyewe, na mtandao huo hauna intaneti. Simu ikigundua hivyo hujiondoa na kurudi kwenye data, na picha hukatikia njiani. Ujumbe ukitokea kwamba mtandao hauna intaneti, chagua kubaki, tena zima mpangilio unaoiruhusu simu kuhamia data yenyewe. Kama umewasha VPN, izime pia. Upande wa pili, simu inayoshikilia Wi-Fi ya kamera inaweza kushindwa kupakia mtandaoni. Hapo pokea picha tano, kata Wi-Fi, zitume, kisha rudi. Njia nzuri zaidi, kamera yako ikiiweza, ni kuwasha hotspoti kwenye simu na kuiingiza kamera humo. Simu inabaki na data yake. Kamera zenye FTP, njia ya kupeleka faili kwenye seva kupitia mtandao, hutumia njia hii kupeleka picha moja kwa moja kwenye seva ya chumba cha habari, bila simu kuguswa.

Katika ukumbi uliojaa watu, mawimbi ya 2.4 GHz hulemewa, kwani yana chaneli tatu tu zisizoingiliana. Tumia 5 GHz kama kamera inayo. Hayapenyi kuta vizuri, lakini simu yako iko mfukoni. Na mfuko wenyewe uwe wa mbele: mwili wa mtu hunyonya mawimbi, na simu ikiwa mfuko wa nyuma unakuwa umejiweka katikati.

Pale kazi isiporuhusu kubahatisha, tumia waya. Hakikisha waya huo unapitisha data, kwa sababu zipo nyaya zinazopitisha umeme pekee na kwa macho hazitofautiki. iPhone 15 na zilizofuata zina tundu la USB-C. Za kabla yake zinahitaji adapta ya Lightning ya kamera. Kwenye menyu ya kamera chagua MTP au PTP, ambazo ni njia za kuhamisha picha kwa waya, kisha zima kipengele cha kupokea umeme kupitia USB, la sivyo kamera itanyonya betri ya simu. Waya ufunge kwenye mkanda wa kamera. Mtu akijikwaa juu yake, mkanda ndio uvutwe, tundu lisalimike.

Kamera inayojizima baada ya dakika moja huua muunganisho kila mara, kwa hiyo ongeza muda huo na ubebe betri za akiba. Kwenye simu, iondoe programu ya kamera katika orodha ya zinazobanwa kuokoa betri.

Usitume kila kitu. Weka alama kwenye picha bora ndani ya kamera na uhamishe zenye alama tu. Tatu zilizochaguliwa vizuri humsaidia mhariri kuliko arobaini. Maelezo ya picha yawe na kiolezo tayari, chenye tukio, mahali, tarehe na jina la mpiga picha, ili ukiwa kazini uongeze majina ya waliomo tu. Yasome herufi kwa herufi kabla ya kutuma: jina lililokosewa husambaa kwa kasi ileile ya picha. Picha ya mtoto au majeruhi isubiri idhini, hata kama wengine wameshachapisha. Na ukituma kwa WhatsApp, tuma kama hati. Ikienda kama picha ya kawaida, hupunguzwa ubora na maelezo yaliyomo ndani hufutwa.

Muunganisho ukigoma, zima na uwashe Wi-Fi ya simu, kisha funga programu na uifungue upya. Ikishindikana, futa uoanishaji pande zote mbili, kwenye kamera na kwenye simu, kwa kuwa kufuta upande mmoja huacha kumbukumbu ya zamani inayozuia uoanishaji mpya. Dakika mbili zikipita bila mafanikio, acha. Toa kadi, ichomeke kwenye kisoma kadi, hamisha picha, irudishe. Mapema kabisa, zima kwenye menyu ruhusa ya kupiga bila kadi, maana ikiwa imewashwa na umesahau kurudisha kadi, kamera italia kama kawaida na hakuna picha hata moja itakayohifadhiwa.